Nani Kakupiga?

Kabla ya yote ilipigwa sakafu.

Pandu, mtoto wa miaka minne, alikuwa akikimbia kutoka kona moja ya mraba wake wa chaki hadi nyingine, maana hapakuwa na pengine pa kukimbilia. Akajikwaa, akaanguka kifudifudi, mdomo ukapasuka. Baba yake, Faki, alikuwa amesimama ndani ya mraba wake wa chaki na hakuruhusiwa kumfuata. Sheria ya Nafasi ilikuwa wazi: kila mtu na mraba wake, hata ndani ya nyumba, hata baina ya mzazi na aliyemzaa, na kati ya mraba na mraba pawepo urefu wa mtu aliyelala. Basi Faki akafanya lile ambalo baba yeyote wa Mji ule angelifanya. Akauliza, "Nani kakupiga, mwanangu?"

Pandu akaonyesha sakafu kwa kidole.

"Sakafu hii? Imekupiga wewe? Haina adabu kabisa." Faki akachukua fimbo aliyopewa na Mji kwa ajili ya kupimia nafasi, akaichapa sakafu mpaka vumbi la saruji likaruka. "Chukua hiyo. Na hiyo. Utarudia tena?"

Sakafu haikujibu. Pandu akanyamaza kulia, akacheka, damu ikiwa bado menoni.

Kutoka chumba cha nyuma, nyuma ya mlango uliofungwa, sauti ya Bi Kazija ikapenya. Huyu ndiye mama yake Faki, na kwa kuwa alikuwa mzee kuliko wote, alitengwa mbali kuliko wote. "Faki, huyo mtoto analia nini?"

"Kaanguka, mama."

"Umeipiga sakafu?"

"Nimeipiga."

"Umeipiga vizuri? Maana nakujua wewe, mkono wako mlegevu tangu utotoni."

Nani asiyeijua dawa hii? Sote tumepozwa nayo. Umegonga kichwa mezani, bibi kaizaba meza kofi, na maumivu yako yamepungua kwa kuwa sasa mmekuwa wawili mnaoumia. Watu wazima huliona jambo dogo, la kuchekesha, la kupitisha kilio. Hakuna anayekaa chini kujiuliza mtoto anajifunza nini pale. Anajifunza kwamba hakuna maumivu yasiyokuwa na mwenyewe. Anajifunza kwamba ukiumia yupo aliyekuumiza, na akipigwa yeye utapona wewe. Hilo ndilo somo la kwanza la utawala, nalo hutolewa kabla mtoto hajaweza kufunga vifungo vya shati lake. Baadaye tunashangaa wanaposhika bunduki. Tunashangaa nini? Tuliwafundisha sisi, tukiwa tumewapakata.

Jua la Mji lilikuwa limesimama. Siku Sauti ya wakuu wa Mji ilipotangaza Nafasi kwa sababu ya maradhi, kutoka kwenye kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari, jua lilikuwa utosini, na utosini likabaki. Vivuli vilijificha chini ya nyayo visitoke tena. Watu walilala wakiamka katika adhuhuri ile ile, wakapoteza hesabu, na hakuna aliyeweza kusema kama Nafasi ilikuwa na wiki moja au na umri wa kizazi kizima. Mize, dada yake Pandu, binti wa miaka saba, aling'oka jino la mbele, kisha akang'oka jino lile lile tena. Pandu aliamka mara moja na sauti ya mzee wa makamo akaagiza kahawa, akanywa, akalala, akaamka mtoto. Raya, mama yao, alikoroga uji akakuta tayari ameshaupika kesho, na umeshaungua.

Na nyuso zilikatwa nusu. Kila mtu mzima alifunga kitambaa kuanzia puani kushuka chini, akala akiwa ameuelekea ukuta, hata watu wa nyumba moja wakasahauliana midomo. Faki alichukua kipande cha mkaa akajaribu kuuchora mdomo wa mkewe ukutani, asije akaupoteza kabisa. Alichora, akafuta, akachora. Alipomaliza akarudi nyuma kutazama, akaona amechora mdomo wa mama yake.

"Huo si wangu," Raya akasema kutoka mraba wake.

"Najua."

"Wangu umesahau?"

Faki akaugeukia ukuta tena. Aliogopa, na woga wenyewe ulikuwa wa aibu, kwa sababu mwanamke alikuwa pale pale, hatua chache, na angeweza kufungua kitambaa kwa mkono mmoja.

Nywele za Mize zilikuwa zimeota na kujisokota kama pamba iliyolowa. Raya asingeweza kuzigusa bila kuvuka chaki. Halafu katika kuamka kumoja, Faki alimwona binti yake ameketi katikati ya mraba wake, miguu ameikunja, kichwa kimesukwa. Mistari ilikuwa myembamba, imenyooka kuanzia paji hadi kisogoni, haikupinda hata kidogo. Mkono wa namna ile ulikuwa mmoja tu nyumbani, nao ulikuwa nyuma ya mlango uliofungwa. Mize alimtazama baba yake kwa macho ya mtu anayengoja kuhukumiwa. Faki naye akamtazama. Alipaswa kupiga kelele. Alipaswa kuchota maji ya sabuni, kusugua, kukemea, kukagua kitasa. Alitazama mistari ile ambayo vidole vya mama yake vilikuwa vimepita, akawaonea wivu wote wawili.

"Umependeza," akasema.

Ni hilo tu.

*

Baada ya hapo Mji nao ukaanza kupiga.

Sauti ilisema maradhi yameletwa na barabara. Wapimaji, wale askari wa Nafasi wenye makoti marefu, wakateremka na mijeledi wakaichapa barabara kuu mwanzo hadi mwisho, lami ikabanduka, na watu waliokuwa madirishani wakapiga makofi. Hakuna aliyepona. Sauti ikasema, samahani, ni lango la soko. Lango likafungwa minyororo, likasomewa mashtaka, likapigwa marungu likang'oka kwenye bawaba. Sauti ikasema ni upepo. Hapo kila nyumba ikaamriwa kutoka na shuka na kuupiga upepo, na ilikuwa ajabu kuuona mji mzima umesimama juani, kila mtu na nafasi yake, ukiipiga hewa kwa shuka za vitandani. Upepo ulizijaza shuka ukaenda zake. Watoto walifurahi. Pandu aliupiga upepo mpaka akachoka, akasema, "Baba, huyu hasikii."

Kicheko kikapita mtaani. Lakini waliokuwa wakubwa walijua kinachofuata. Vitu vikiisha huja watu.

Mkate ulipokwisha, Faki alitumwa na zamu yake kwenda kuuchukua penye uwanja. Alimkuta Shaame katikati ya uwanja. Shaame alikuwa muuza mkaa. Alikuwa akikohoa tangu Faki yungali mtoto, kikohozi kikavu cha vumbi la mkaa, na nyumba zote zilikuwa zikimjua kwa kikohozi hicho. Hakuwa na haja ya kunadi. Kikisikika kona ya mtaa, wanawake walitoa makarai yao. Sasa alikuwa amesimama peke yake na gunia lake, anakohoa, na Sauti ikasema kutoka juu ya gari, kwa upole kabisa, "Yule pale."

Tuseme ukweli kwa haki: hakuna aliyevunja Sheria ya Nafasi. Watu walikwenda kuchukua nguzo za mabanda ya soko na miti ya kukwanyulia nazi, mirefu, kila mmoja wa urefu uliotakiwa au zaidi, wakasimama kumzunguka, kila mtu mbali na mwenziwe, kila mtu mbali naye. Walimpigia kutoka huko. Kwa umbali ule pigo halina shabaha. Lilimwangukia begani, likaanguka chini, likamwangukia sikioni, likaanguka chini. Lilichukua muda mrefu mno. Shaame alikuwa akiwaita kwa majina. Alimwambia mmoja, "Wewe nilikuletea mkaa wa arusi yako," naye akajibu kwa heshima, "Ndiyo, mzee," akainua mti wake tena. Wapimaji walikuwa wakipita nyuma na fimbo zao, wakihakikisha watu hawasongamani.

Mwanamke mmoja mtu mzima, mwembamba, aliyekuwa jirani na Faki, alikuwa ameshika nguzo iliyomshinda. "Nishikie, baba," akamwambia. "Nipumzike kidogo."

Na Faki alilelewa vizuri. Mtu mzima akikuomba umpokee mzigo, unapokea, huulizi. Akapokea.

Nguzo ilikuwa imesimama wima. Ilikuwa nzito juu. Aliishika, ikaanza kuinama upande wa mbele, naye hakuizuia au hakuweza kuizuia, na mpaka leo ukimuuliza atakwambia hajui. Ilianguka yenyewe. Aliiangusha. Iliteleza kwa jasho. Iliyoanguka nguzo, iliyoangusha mikono, na mikono ni yake, lakini aliazimwa tu. Nani kampiga Shaame? Yule aliyekata mti? Yule aliyesema yule pale? Mama yule aliyekuwa amechoka? Kikohozi kilikatika. Watu wakangoja kidogo kusikia kama kitarudi. Halafu wakarudi kwenye foleni ya mkate, kila mtu na nafasi yake.

*

Alifika nyumbani na mkate kwapani. Kwa desturi yao, mkate ukiingia nyumbani, wa kwanza kumega ni mama. Faki hakufikiri. Alikwenda moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma, akafungua kitasa, akamega pande la mkate akaliweka katika kiganja cha Bi Kazija, kiganja juu ya kiganja, kama alivyofanya maisha yake yote.

"Mkono wako wa moto," Bi Kazija akasema.

"Jua, mama."

"Na umelowa jasho."

"Jua."

Aliporudi mbele, Pandu alikuwa amesimama ukingoni mwa chaki yake. "Baba, nani kakupiga?"

"Hakuna. Kwa nini?"

"Una damu."

Faki akajitazama kifuani. Lilikuwa tone moja, limeshakauka. "Si yangu. Ya muuza mkaa."

"Nani kampiga?"

"Watu."

"Tukawapige?"

Raya alikuwa akisikiliza. Alimtazama mumewe usoni, akashuka na macho mpaka mikononi, akabaki hapo. "Baba Mize, umenawa?"

"Nitanawa."

"Kanawe sasa."

Alinawa. Maji yalikuwa mekundu kidogo, halafu meusi kwa mkaa, halafu safi. Lakini mkate ulikuwa umeshaliwa.

Bi Kazija alianza kukohoa katika adhuhuri ile, au nyingine. Alikificha kikohozi kwa mto. Kisha mto ukashindwa. Wapimaji walikuja na kulabu zenye mipini mirefu, wakasimama mlangoni bila kuingia, wakazipeleka kulabu ndani mpaka chumba cha nyuma, wakaushika mkeka aliolalia, wakauvuta. Walimburura sebuleni baina ya miraba. Kisigino chake kilifuta chaki. Kulabu moja ilikuwa imepenya mkeka ikamshika pajani, na mkeka ukaacha mstari mwembamba mwekundu nyuma yake. Faki alisimama. Alimwona mama yake akipita chini ya macho yake, na mtu ambaye angalichupa akamkumbatia hakuwa yeye, yeye alikuwa mtu aliyesimama. Bi Kazija hakulalamika. Alipofika usawa wa mraba wa Mize akageuza shingo, akasema, kwa sauti ya kawaida ya kuagiza mambo ya nyumbani, "Zikifumuka mwambie mama yako akusuke. Mimi nimezikaza, zitakaa."

Kila mtu alisikia. Mlango ukafungwa nyuma yao.

Gari la Sauti lilipita likitaja waliokwisha kufa. Lilitaja majina bila kupumzika, na baina ya jina na jina likasema Kazija, likaendelea.

*

Pandu hakulia. Aliuliza tu. "Nani kampiga bibi?"

Faki alitafuta. Mtoto alikuwa akingoja, mkono tayari umeshika mwiko. Ni lazima apewe kitu. "Mlango," Faki akasema. "Mlango huu ndio uliomtoa."

Wakaupiga mlango wa chumba cha nyuma. Faki kwa fimbo ya Mji, Mize kwa mchi wa kinu, Pandu kwa mwiko. Walipiga mpaka ubao ukapasuka na kitasa kikaruka. Walipochoka, Pandu akashika tumbo lake akasema, "Bado inauma."

"Basi mtungi. Alikuwa akinywa humo."

Mtungi ukavunjwa. Maji yakaenda kila mahali yakafuta chaki iliyobaki. Bado. Kitanda cha bibi kikakatwa kamba, kikavunjwa matendegu. Bado. Kioo. Kiti. Ndoo. Ukuta ulipigwa kwa zamu hadi plasta ikadondoka na mdomo uliochorwa kwa mkaa ukaanguka vipande vipande. Katika nyumba ile yenye watu wanne wasiogusana, mkono ulibaki na kazi moja tu, na kazi hiyo ikawa tamu, hilo tusilifiche. Faki alihisi utamu wake mabegani. Alikuwa raia tangu azaliwe, mtu wa kupangwa foleni, na sasa alikuwa na jamii ndogo iliyomtazama usoni ikingoja ataje jina la mkosaji. Alitaja. Walipiga. Ndivyo dola zinavyoanza, na hazianzi na watu wabaya. Zinaanza na mtu anayetaka kumnyamazisha mtoto.

Raya ndiye aliyesema. Alikuwa amekaa kwenye kona na kitambaa chake usoni, hajapiga kitu. "Mtabakisha nini? Vitu vikiisha mtaanza kutazamana."

"Watoto wanaumwa, mama Mize."

"Na mimi siumwi?"

"Basi nawe chukua kitu upige."

"Sitaki. Nataka mtu anishike, baba Mize, na hata hilo siwezi kulisema kwa sauti kubwa."

Faki akatazama chini. Mahali palipokuwa na chaki palikuwa na maji. Angeweza kwenda. Alibaki alipo kwa mazoea.

Na Mize alikuwa kimya. Kimya chake hakikumshtua mtu, kwa kuwa watoto wakimya wanashukuriwa. Alikuwa amekaa anatazama vitu vilivyovunjwa, kimoja kimoja, na kwa kila kimoja akitikisa kichwa. Alikuwa anafikiri. Wengine walikuwa wanapiga tu, yeye alikuwa anatafuta. Na mtoto mwenye akili, ukimfundisha kanuni, ataifuata mpaka mwisho wake hata pale wewe mwenyewe usipothubutu.

*

Mlio ulitoka chumba cha nyuma. Ulikuwa mlio mfupi wa kitu kigumu juu ya kitu laini, na baada yake hakukuwa na kilio.

Faki alipofika kizingitini alimkuta Mize amepiga magoti mbele ya jiwe la kuingilia. Nywele alikuwa amezing'oa. Hakuzifumua, alizing'oa, na zilikuwa chini kwa mafungu, ngozi ya kichwa ikivuja damu kwenye mistari ile ile iliyonyooka. Mkono wa kushoto ameulaza juu ya jiwe. Kidole kidogo kilikuwa tayari kimepondeka, kimelala upande usio wake. Mkono wa kulia umeinua mchi tena.

"Mize."

"Ni huu," Mize akasema. Hakugeuka. "Nilimshika magoti. Nilimwambia anisuke, akasema sheria, nikambembeleza. Ni mkono huu uliomshika. Mlango haukufanya kitu, baba. Mlimwonea mlango."

"Weka chini hicho."

"Mpaka ukome."

"Si wewe, mwanangu."

"Basi nani?"

Hapo Faki akakwama. Basi nani. Basi nani. Sema hakuna, hataamini, umemfundisha wewe kwamba yupo. Sema Mungu, atataka kumpiga Mungu. Sema maradhi, atauliza yako wapi. Sema upepo, upepo ulishapigwa. Mchi uko juu. Mkono ni mdogo, umelazwa kama kitu cha kukatwa jikoni. Basi nani, haraka, nani, jina, mtu, toa mtu.

"Mimi," akasema.

Mize akageuka.

"Mimi nilimpa mkate. Nilitoka uwanjani, kwenye watu, nikamshika kiganja nikampa mkate."

Mize alimtazama kwa makini ya hakimu. "Ulinawa?"

"Sikunawa."

"Ulimpa kabla au baada ya bibi kunisuka?"

"Baada. Wewe ulikuwa mzima na yeye mzima. Mimi ndiye wa mwisho kumshika."

Huenda ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomshtua Faki wakati akilisema, kwamba alianza kulisema kama uongo wa kumwokoa mtoto, na lilipotoka mdomoni halikuwa na dalili yoyote ya uongo. Hakuna mtu katika Mji ule wala katika mji mwingine ambaye angeweza kuthibitisha. Maradhi hayaachi alama ya kidole. Akapiga magoti, akavua kitambaa usoni, akaondoa mkono wa binti yake juu ya jiwe taratibu, kwa kuushika, mara yake ya kwanza kumshika tangu jua lisimame, akaweka wake.

"Kwa mkono huu," akasema.

Mize akapiga. Alipiga kama alivyofundishwa, kwa kuuliza. "Utarudia tena?" Mfupa wa kiganja ukalia. "Utarudia?" Akapiga kifundo. Akapiga kigasha, baina ya kifundo na kiwiko. Alikuwa na miaka saba, lakini mchi ni mzito na haumuulizi mtu umri. Raya alikuja akasimama nyuma yake, mikono imenyooshwa, na Faki akamtikisia kichwa, muache, akidhani kwamba hii ndiyo itakayokuwa ya mwisho, kwamba amepatikana mtu na mambo yataisha. Pigo lililofuata lilikosa mkono. Lilikwenda begani, juu, penye mfupa wa mtulinga, na wote wanne wakausikia ukivunjika.

Faki akaanguka upande. Sauti iliyomtoka hakuijua. Haikuwa sauti ya baba.

Mize akasimama na mchi. Alikuwa akihema. Alingoja. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyemeza dawa chungu akaambiwa itafanya kazi sasa hivi. Akangoja zaidi. Kisha Faki, aliyekuwa amelala chini anamtazama, akaona jinsi uso ule ulivyoanza kufumuka, kwa kuwa mkosaji amepatikana, amekiri, amepigwa, amevunjika, na bibi bado hayupo.

Ndipo Pandu alipotokea mlangoni. Alikuwa na mwiko wake. Alimwona baba yake chini, bega limeshuka, mdomo u wazi, machozi yanatoka bila mpango. Akajua la kufanya. Akaja mbio mpaka karibu kabisa, akainama, akauliza kwa ile huruma ya watoto yenye haraka, "Baba, nani kakupiga?"

Mchi ulikuwa mkononi mwa Mize na haukuwa na pa kufichwa. Pandu alifuata macho ya mama yake mpaka kwa dada yake, mpaka kwenye mchi. Akaelewa. Akainua mwiko, akamgeukia Mize. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtoto mtiifu, akamgeukia baba yake kupata amri.

"Ni mimi," Mize akasema, sauti nyembamba. "Nimekupiga mimi, baba."

Mwiko ulikuwa juu. Neno moja lingetosha. Hata kutikisa kichwa.

"Inauma, Pandu," Faki akasema.

"Eee. Nani?"

"Inauma tu."

Pandu hakuelewa. Alisubiri sehemu iliyobaki. "Tumpige nani?"

"Hatumpigi mtu."

"Sakafu?"

"Hapana. Iache."

"Lakini inauma."

"Inauma, na hakuna wa kumpiga. Ndivyo ilivyo. Inauma hivyo hivyo."

Mtoto akasimama na mwiko wake hewani. Akaitazama sakafu, akautazama ukuta uliobanduka, akamtazama dada yake mwenye kichwa cha damu. Vyote vilikuwa pale, na hakuna hata kimoja kilichoufaa mwiko ule. Mkono ukaanza kumchoka. Ukashuka kidogo, ukashuka tena. Na kwa mara ya kwanza tangu mkeka upite sebuleni, Pandu akalia. Hakikuwa kilio cha kuanguka. Kilianzia mbali, kikapanda polepole, na kilipofika juu kikawa na maneno.

"Namtaka bibi," akasema.

Mize akaachia mchi.

Faki alijaribu kuinua mkono, mkono haukuinuka. Basi akasogea kwa kiwiko cha upande mzima, akijiburura kwenye saruji, mpaka kichwa chake kikafika penye miguu ya watoto.

"Hata mimi," akasema. "Hata mimi namtaka."